Panapofunikwa na Jezi

Jumatano, tarehe kumi na nne

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu wewe na wifi na kila aliye chini ya dari yenu. Natumaini goti lako limepoa, na kwamba sasa unapanda ngazi za ghala bila kushika ukuta. Wifi naye anaendeleaje na presha? Mwambie asiache dawa eti kwa sababu kichwa kimetulia. Mimi ni mzima, isipokuwa miguu, ambayo sababu yake nitakueleza huko mbele. Cherehani zote mbili zinakwenda, wateja hawajanikimbia, na bado nina tabia yangu ya kuandika shajara kila jioni, ile uliyoicheka ukasema nitaandika mpaka tarehe ya kufa kwangu.

Barua yako nimeipata. Umesema Jumapili unakuja kumchukua binti yako, kwamba mchezo unamuua, kwamba mwili wake umekuwa ramani ya michubuko, na kwamba nikikuzuia utakuja na polisi. Umesema pia kwamba nimemtoa mwanao kafara kwa wahuni wa magurudumu. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nitakujibu, kaka, lakini nivumilie nianze mbali.

Hujawahi kuwaona wakicheza, nami sitakudanganya kwamba wanacheza kwa upole. Mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu ni vita. Ukumbi wao ulikuwa bohari, una paa la bati na sakafu ya saruji iliyopakwa rangi, na viti vikigongana humo ndani unadhani mtu anamwaga masufuria kutoka juu. Nilipokwenda mara ya kwanza niliziba masikio. Mwanamke mmoja alipinduliwa na kiti chake mbele yangu, kichwa kikapiga sakafu, damu ikamtoka puani. Alichofanya ni kujiinua kwa mikono, kufuta damu kwa bega, na kumwambia aliyempindua kwamba bibi yake anasukuma vizuri zaidi na yuko kaburini. Huyo ndiye nahodha wao. Wanamwita Mama Breki kwa sababu hajawahi kuzitumia. Jino lake la mbele lilibaki kwenye ukumbi huo na anasema halidai.

Binti yako wamempa jina la Kifaru. Ukimwona utaelewa. Anainamisha kichwa, mabega yanatangulia, halafu anakuja. Nimemwona akimvunja kidole mchezaji wa timu nyingine kwa kumbana kati ya matairi, nikamwona pia akibingirishwa mpaka ukutani, mkanda wa kiti ukamning'iniza kichwa chini huku anacheka. Kwa hiyo ulipoandika kwamba mchezo unaumiza, uliandika kweli. Mimi mwenyewe niliamini hivyo muda mrefu kuliko ilivyopasa.

Unakumbuka ulivyomruhusu kucheza. Ulisema sharti ni moja, asikae uchi mbele za watu, na kwamba mimi kama shangazi yake na kama fundi nikuandikie kila vazi nitakalomshonea, nikuchoree limeanzia wapi na limeishia wapi. Nilifurahi. Nilisema moyoni, kaka anajali. Kwa hiyo kila mwisho wa juma alipotoka kwangu, anakokaa siku za mazoezi, kurudi kwenu, nilimpa bahasha iliyofungwa, akaiweka mapajani, akajisukuma nayo mpaka kwenye gari.

Nilikuandikia kwa furaha ya mtu aliyepata kazi mpya ya kufikiri. Nguo zote za dukani zimekatwa kwa mtu anayesimama. Akikaa nazo siku nzima, kiuno cha nyuma kinashuka mgongo unabaki nje, cha mbele kinajikunja tumboni. Mifuko ya nyuma na ule mshono mnene wa makalio ndiyo mibaya zaidi, maana wengi wao hawahisi chochote kutoka kiunoni kwenda chini. Mshono unakula ngozi taratibu, na mwenye ngozi anagundua akiona shuka lina damu. Mama Breki alilazwa kwa kidonda cha suruali. Siku ya kwanza niliyompima alinipiga kofi la mgongoni karibu nimeze pini, akasema wahenga walijua, kikulacho ki nguoni mwako.

Basi nikatoa mshono wa makalio kabisa, nikakata kipande kimoja. Mishono ya pembeni nikaihamishia mbele ya paja. Kiuno nikakipandisha nyuma na kukishusha mbele, fulana nayo fupi mbele, ndefu nyuma. Yote haya ulichorewa.

Kisha zikaja alama.

Jumatatu moja namvalisha fulana ya majaribio nikaziona kwenye mikono yake, juu, pale mkono wa fulana unapofunika. Mistari miwili sambamba, na katikati yake ngozi nyeupe kidogo. Nilimuuliza, akasema ni kiti. Nami, mjinga wa mwisho, nikaamini, kwa sababu mbavu za kiti ni bomba na bomba linaweza kuacha mistari. Niliona ni kosa la kazi yangu. Nikatia sponji ndani ya mikono ya fulana. Jumatatu iliyofuata mistari ilikuwa palepale, mipya juu ya ile ya zamani. Nikaongeza sponji. Kocha alinitania kwamba nikiendelea hivyo tutacheza na magodoro.

Hapo nikakuandikia kwamba nimeshindwa, kwamba mikono ya fulana hata hivyo inaingia kwenye spoku na kulowa jasho, na kwamba jezi mpya haitakuwa na mikono kabisa. Nilikuomba radhi, nikakueleza kwamba mgongo ungefunikwa vizuri mpaka chini. Hukunijibu vibaya. Ulisema sawa, mradi mgongo usionekane.

Kaka, jezi hiyo nilikuwa sijaikata. Kitambaa kilikuwa bado dukani. Binti mwenyewe nilikuwa sijamwambia, nikitaka iwe zawadi. Lakini Jumatatu iliyofuata mikono yake ilikuwa inapona, imegeuka manjano kama inavyogeuka michubuko iliyoachwa, na ile mistari miwili ilikuwa imehamia mgongoni.

Bado sikukuwazia. Niliwazia egemeo la kiti. Mimi ni mtu wa utaratibu, unanijua, sikubali kitu kabla ya kukipima. Nikawashonea wote fulana nyeusi, na kabla ya mazoezi nikapaka viti chaki ya fundi: buluu kwenye matairi, nyekundu kwenye egemeo, njano kwenye vyuma vya mbele ambavyo wanagongana navyo. Walicheka mpaka wakashindwa kuanza. Mama Breki aliuliza kama tunacheza mpira au tunapaka nyumba rangi. Halafu wakacheza kama kawaida yao, kwa kuuana, na walipotoka jasho jingi nikawavua fulana mmoja mmoja nikazitandika mezani.

Fulana inasema kila kitu kilichoigusa. Ya Mama Breki ilikuwa na njano mbavuni mpaka kwapani, na kwapani ndipo alipokuwa anaumwa. Ya Kifaru ilikuwa na buluu ndani ya mikono na nyekundu mstari mmoja chini kabisa, kiunoni, maana egemeo la kiti chake ni fupi. Pale mistari miwili ilipokuwa, katikati ya mgongo, kitambaa kilikuwa cheusi tii. Hakuna kiti kilichomgusa pale. Nilimfunulia fulana nikamwonyesha. Aliikunja fulana, akaniambia, "Shangazi, shona tu."

Maneno hayo ndiyo yaliyonirudisha nyumbani kwetu. Kaka, sijawahi kukutajia hili tangu tuwe wakubwa, nawe hujawahi kunitajia. Ule mpira wa pampu ya maji, mrefu kama mjeledi, aliokuwa nao baba, uliotundikwa nyuma ya mlango. Unaacha mistari miwili na weupe katikati. Siku nilipounguza kitambaa cha mteja wa mama kwa pasi, ulisimama mbele ukasema ni wewe, na mimi nikawa chini ya meza nikihesabu vifungo kwenye mkebe ili nisisikie. Baba hakupiga ovyo. Alipiga panapofunikwa na sare ya shule. Mwalimu wa michezo alipoanza kuuliza kuhusu mapaja yako, mama hakwenda kwa mwalimu, hakwenda kwa baba. Alikaa kwenye cherehani akakurefushia kaptula. Mimi ndiye niliyemshikia kitambaa. Somo langu la kwanza la ushonaji lilikuwa hilo.

Kwa hiyo nilijua, na bado sikutaka kujua. Nilisema labda ni mtu mwingine pale mtaani kwenu, labda dereva anayemleta, labda wifi. Nilimpa kila mtu kosa hilo isipokuwa wewe. Na nikafanya jambo ambalo ndilo hasa lililonikalisha kuandika barua hii.

Utakumbuka barua niliyokupelekea mwezi uliopita, ile yenye mchoro mkubwa. Nilikuandikia kwamba kocha ametaka jezi iwe na matundu mgongoni kwa ajili ya joto, kwa hiyo mgongo wote ungeonekana, na mikono hakuna. Nikasema ili kulipia hilo, bukta itakuwa ndefu, itafunika mapaja mpaka chini ya magoti. Nikakuchorea mpaka pindo lake.

Haikuwa kweli. Kocha hakutaka kitu. Hakuna jezi ya namna hiyo, haijawahi kuwepo, na hakuna mtu duniani aliyeijua isipokuwa mimi niliyeichora na wewe uliyefungua bahasha. Binti yako aliibeba mapajani kwake mwenyewe.

Jumatatu aliporudi, mgongo haukuwa na mstari mpya, ile ya zamani ilikuwa inapona. Nilimwomba anionyeshe mapaja, akakataa. Nilimwambia lazima nipime bukta, akakataa, akashika matairi ili aondoke. Nikaufunga mlango wa karakana nikampigia magoti. Alipoinua kitambaa niliona mistari juu ya mistari, na kwenye paja la kushoto ngozi ilikuwa imepasuka. Haikuwa imeoshwa. Nilimuuliza kwa nini hakusema, akajibu kwamba ulimwambia huko hata hahisi, kwa hiyo hakupigwa.

Kaka, mimi nimeng'oa mishono ya suruali karibu mia kwa sababu ya ngozi ile isiyohisi. Uzi tu unaitoboa. Nawe uliipiga kwa mpira wa pampu, ukajiambia si kitu.

Nilimweleza mtego wangu wote, barua, mchoro, uwongo wa matundu. Nilidhani atalia au atanishukuru, sijui nilidhani nini. Badala yake akauliza polepole kama nilijua kwamba mwenye kuisoma ile barua angempiga mahali pale. Nilisema nilishuku. Akauliza kama nilimpeleka nyumbani huku nikishuku. Nikasema ndiyo.

Alinijia kama anavyowajia wapinzani, kichwa chini, mabega mbele. Chuma cha mbele cha kiti kilinipiga kwenye mifupa ya miguu nikaanguka juu ya meza ya kukatia, pasi ikaanguka, mkebe wa pini ukamwagika. Akarudi nyuma akanipiga tena nikiwa chini. Sikujikinga. Alinipiga mpaka mikono yake ikachoka, akanitukana matusi ambayo Mama Breki tu ndiye anayeweza kuwa amemfundisha, akaniambia kwamba wewe ulimpiga ukijua unampiga, lakini mimi nilimtuma akapigwe na mkate wa njiani nikamfungia. Hiyo ndiyo sababu ya miguu yangu. Ninatembea na fimbo, mguu mmoja una nyuzi ambazo sikuzishona mimi. Na hayo ndiyo maungamo yangu: nilitaka kuwa na hakika, nikaununua uhakika huo kwa ngozi yake. Wewe na mimi tumetoka nyuma ya mlango mmoja, kaka. Wewe ulichukua mpira wa pampu, mimi nikachukua cherehani ya mama, na vyote viwili vimemfikia.

Alipotulia aliomba mkasi. Nilimpa mkubwa, ule wa kukatia vitambaa vizito. Nilifikiri vibaya, nakiri. Lakini aliichukua jezi yake ya mechi, ile ya kweli, yenye mgongo mrefu niliyoishona kwa wiki nzima, akaanza kukata. Akakata mgongo wote akaacha mkanda wa begani tu. Akakata bukta mpaka juu kabisa, hakuniachia hata nafasi ya pindo. Nilimwambia kitambaa kitafumuka. Akasema kifumuke. Kisha akasema, na hili ameniomba niliandike kama alivyosema, kwamba tangu azaliwe kila mtu katika ukoo huu amekuwa akimtafutia nguo ya kufunika kazi ya mtu mwingine, na yeye amechoka kuwa kabati lenu.

Jumamosi alicheza hivyo. Ukumbi ulijaa. Alipoingia, kelele zilishuka kama mtu amezima redio. Hakuna aliyeuliza, maana hakuna asiyejua mistari ile ni ya nini. Utashangaa ni watu wangapi wanaijua. Mama Breki alimzunguka na kiti chake mara moja, akamtazama mgongo uliokuwa ukipona na mapaja yenye bendeji, akavua fulana yake ya juu akabaki na kisibau. Halafu mwingine. Nikaona makovu ambayo nimeyapima mara nyingi na sikuwahi kuuliza yalitoka wapi.

Sijawahi kuona mchezo wa namna ile na sitaki kuuona tena. Walipiga kila kitu. Viti viwili vilivunjika magurudumu, refa alipigwa na mpira usoni akaendelea kupuliza filimbi yenye damu. Kifaru alipinduliwa mbele ya benchi letu, bega likagonga saruji nikasikia mlio wake nikiwa juu kwa watazamaji. Niliinuka na fimbo yangu kumwendea. Akiwa bado amelala pale chini alininyooshea kidole nisithubutu. Akajigeuza, akasukuma sakafu kwa mikono miwili mpaka kiti kikasimama, akarudi. Walishindwa kwa kikapu kimoja. Alitoka analia na kucheka kwa pamoja, akanipita bila kunitazama, kisha akarudi nyuma kidogo, akasema bukta yenyewe haibani, nikate zote hivyo. Hajanisamehe. Amenipa kazi tu, nami nimeipokea.

Sasa nijibu barua yako. Harudi. Si mimi ninayemzuia, ni mtu mzima na amesema mwenyewe. Hataki uje Jumapili wala Jumapili nyingine mpaka atakapokuita. Amesema si kwamba hakupendi. Nimeliandika hilo pia kwa amri yake, mimi nisingeliandika. Kuhusu polisi, waje, watatukuta tunajuana nao: tulikwenda jana pamoja na daktari aliyefunga mapaja, na niliwaeleza pia kuhusu ile barua ya uwongo na miguu yangu, nikawaacha waamue ni nani atakayeulizwa nini. Na ukija bila polisi, ujue kwamba timu nzima imehamishia mazoezi yake kwenye uwanja ulio mbele ya karakana yangu. Mama Breki anasema hana breki, asije mtu akasimama mbele yake halafu alaumu.

Kaka, nakumbuka ulivyosimama mbele ya baba kwa kosa langu la pasi. Sijalisahau na sitalisahau. Kama siku moja utataka kuniambia mistari yako ilikuwaje, mimi nitasikiliza, na safari hii sitahesabu vifungo. Lakini nitakusikilizia huko kwako. Mlango wangu umefungwa kwako.

Nisalimie wote. Wifi mpe salamu zake peke yake, umwambie chumba cha nyuma cha karakana nimekifagia, kina kitanda na dirisha, na ufunguo uko kwa kocha.

Barua hii hakuibeba binti yako. Kocha ameileta kwa mkono wake, na nimemwomba ampe wifi kwanza, kisha angoje mlangoni mpaka nyote wawili mmalize kusoma. Utaona pia kwamba bahasha sikuifunga.

Mimi mdogo wako wa tumbo moja,

Fundi